Nane Hadi Moja: Pasi ya Majengo ya Kale ya Uingereza, Ununue au Uache?

Msimu wa wageni ni Mei hadi Septemba. Wazazi wanatua Heathrow, mashemeji wanatua na orodha ndefu ya mahali pa kupiga picha, na kabla begi halijafunguliwa swali limeshafika mezani: ile pasi ya English Heritage wanayouziwa wageni kutoka ng'ambo, ya siku 9 au siku 16, inalipa?

English Heritage ni taasisi ya hisani inayotunza zaidi ya ngome, magofu, makasri na nyumba 400 za kihistoria. Sehemu kubwa ya hizo unaingia bure. Zinazolipiwa zinazidi mia moja, na hizo ndizo pasi inazozifungua. Shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga na mtu wa duka, ana jibu la haraka: nunua, halafu zunguka mpaka soli ziishe. Mimi nampinga, ila si kwa kila jambo. Nimeupanga ubishi wetu kwa kuhesabu kurudi nyuma, nikianza na hoja nyepesi na kumalizia na ile ninayoiamini kuliko zote.

8. London ina wenyewe

Tuanze na wanaotaka kuinunua pasi hii ili waingie Tower of London. Haiingii. Tower of London, Hampton Court na Kensington Palace ziko chini ya Historic Royal Palaces, taasisi nyingine kabisa. Windsor iko chini ya Royal Collection Trust. Westminster Abbey ina kiingilio chake, na St Paul's vilevile. British Museum, National Gallery na V&A hazidai kitu mlangoni, isipokuwa kwa maonyesho maalumu.

"Sasa ngome ya mfalme si urithi?" shemeji akauliza.

Ni urithi, shemeji, lakini kila urithi una mrithi wake.

London, pasi itakufungulia Apsley House, nyumba ya Duke wa Wellington, ambamo kuna sanamu kubwa ya Napoleon akiwa uchi, imesimama chini ya ngazi za nyumba ya mtu aliyemshinda vitani. Itakufungulia Down House, alikoishi Charles Darwin kuanzia 1842 hadi alipofariki 1882. Na itakufungulia Eltham Palace, ambako miaka ya 1930 familia tajiri ya Courtaulds ilijenga nyumba ya kisasa ubavuni mwa ukumbi wa kifalme wa enzi za kati. Familia hiyo ilifuga lemuri aliyeitwa Mah-Jongg, akatengewa chumba chake chenye joto. Lemuri hawa asili yao ni Madagaska, kwa hiyo ukifika pale msalimie: ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi aliyepata makazi mazuri kuliko wahamiaji wengi tunaowajua.

Kenwood, pale Hampstead, iko chini ya English Heritage na unaingia bure, uwe na pasi usiwe nayo. Nenda. Ndani kuna Rembrandt na kuna Vermeer, lakini mimi nakuomba uende kwa ajili ya Dido Elizabeth Belle. Alizaliwa 1761, mama yake akiwa mwanamke Mwafrika aliyetiwa utumwani, baba yake ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Alilelewa Kenwood, nyumbani kwa Lord Mansfield, mjomba wa baba yake na jaji mkuu. Mwaka 1772 jaji huyo ndiye aliyetoa hukumu katika kesi ya James Somerset kwamba mtumwa aliyeko England haruhusiwi kuondolewa nchini kwa nguvu. Nyumbani kwake alikuwa akiishi na mtoto wa mwanamke aliyekuwa mtumwa. Simama sebuleni pale, uwaze.

7. Uskoti ina lango lake

Hii ni fupi. Edinburgh Castle haimo. Uskoti ina Historic Environment Scotland, na wenzetu hao wana pasi yao ya Explorer. Wales ina Cadw, wenye Caernarfon na Conwy. Mpaka usio na askari wa kukagua paspoti unaye mkaguzi wa tiketi. Ukipanga safari ya Edinburgh, hesabu upya kuanzia sifuri.

6. Pasi haijui mafua

Siku 9 maana yake ni siku 9 mfululizo. Hazirukwi, haziwekwi akiba. Siku mnayokwenda harusini Leicester ni siku. Siku ya mvua ya kutwa ni siku. Siku mama mkwe anapoamka na mafua, mnakaa ndani mnachemsha tangawizi, nayo pia ni siku, na lango la Dover limefunguliwa saa zile zile bila kuwangoja.

Ndiyo maana sikubali mgeni aanze kuitumia siku ya pili baada ya kutua. Wiki ya kwanza ni ya jamaa: kila mmoja anataka umle kuku wake, na ukikataa kwa sababu eti una pasi ya magofu, utajieleza hadi mazishini. Maliza ziara za ndugu, maliza London ya bure, kisha anza kuhesabu siku asubuhi mnapotoka mjini.

Kalenda nayo iangaliwe. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, sehemu nyingi za nje ya miji hufunguliwa wikendi tu, au hufungwa kabisa. Mgeni wa Desemba aniazime sikio: pasi wiki hizo ni funguo za milango iliyofungwa. Na mgeni wa Septemba aulizie Heritage Open Days, siku ambazo majengo mengi ya kihistoria kote England hufunguliwa bure. Mpango huo umekuwapo tangu 1994.

5. Linganisha na bei halali

Hapa mwuza duka na mimi tulipandishiana sauti. Yeye alichukua bei za getini, akazijumlisha, akaona pasi ni nafuu, akapiga meza. Kujumlisha alijumlisha sawa, ila bei alizochukua ndizo zilizokuwa na kasoro.

Kwanza, tiketi za English Heritage ukizikata mapema kwenye intaneti huwa na bei ya chini kuliko za getini, na bei yenyewe hubadilika kulingana na siku na msimu. Pili, mara nyingi utaonyeshwa bei mbili, moja ikiwa na mchango wa hiari ndani yake. Mchango ni jambo jema na mimi huutoa, lakini usiuingize kwenye hesabu ya kulinganisha. Tatu, wazee wa miaka 65 na kuendelea wanapunguziwa, na wanafunzi vilevile. Watoto wadogo kabisa hawalipi. Kwa hiyo pasi ya baba mwenye miaka 70 inatakiwa kushindana na tiketi ya bei ya mzee, si na tiketi yako wewe kijana.

Ukishapata bei hizo halali, jumlisha sehemu ambazo ungekwenda *hata kama pasi isingekuwapo*. Hapo ndipo shemeji alipokwama, kwa sababu kwenye orodha yake alikuwa ameweka abasia tano za Yorkshire. Nikamuuliza: lini ulianza kupenda abasia?

"Tangu ziwe bure," akasema.

Kwa jibu hilo nilizifuta nne, nikamwachia Whitby peke yake, kwa sababu ina bahari na mtu wa Tanga hawezi kunyimwa bahari. Pale kuna ngazi 199 za kupanda kutoka mjini hadi abasia, na magofu yake yamo katika riwaya ya *Dracula* ya mwaka 1897. Magoti yaulizwe kwanza.

4. Mgeni njoo, mwenyeji haponi

Pasi hii ni ya wanaoishi nje ya Uingereza. Wewe mwenyeji huuziwi. Cha kwako ni uanachama wa mwaka mzima, ambao unampa mwanachama nafasi ya kuingia na watoto bila kuwalipia, hadi sita kwa mtu mzima mmoja. Kwa familia yenye watoto wanne na gari, uanachama naununua macho yamefumba, maana wageni wataondoka na watoto watabaki na likizo zao. Lakini usije ukasahau kuweka gharama yako kwenye hesabu ya safari: bibi na babu wanapoingia na pasi, wewe dereva unaingia na nini?

3. Pasi hailipi nauli

Ningekuwa na uwezo, sentensi hiyo ningeipiga chapa juu ya kila pasi inayouzwa duniani.

Osborne, nyumba ya Malkia Victoria ambamo alifariki Januari 1901, imo kwenye pasi. Iko kisiwani, Isle of Wight. Feri haimo. Watu watano na gari kwenye feri ile, kiangazi, na kiingilio kinaanza kuonekana kitu kidogo.

Ukuta wa Hadrian umo pia, na hapa naomba nafasi kidogo kwa sababu naupenda. Warumi walianza kuujenga mwaka 122, ukakata nchi kutoka pwani hadi pwani, kilomita 117. Pasi inafungua Housesteads, Chesters, Corbridge na Birdoswald, kambi za askari waliokaa hapo wakitazama upepo wa kaskazini. Housesteads kuna choo cha askari kilichohifadhika vizuri, cha kukaa pamoja, bila ukuta wa kutenganisha. Watoto hukikumbuka kuliko mahekalu yote.

Mtu wa kwetu akifika huko asijione mgeni sana. Burgh-by-Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta, maandishi ya kale yanataja kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kilichowekwa hapo katika karne ya 3. Na Septimius Severus, mfalme wa Roma aliyekuja mwenyewe kupigana kaskazini na kuufanyia ukuta matengenezo makubwa, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Waafrika walikaa kwenye baridi ile miaka 1,800 iliyopita, bila hita na bila chai ya maziwa.

Sasa mtego. Kati ya kambi hizo ipo Vindolanda, ambako zilifukuliwa barua za wino juu ya vibao vyembamba vya mbao, mojawapo ni mwaliko wa sikukuu ya kuzaliwa ambao mke wa ofisa mmoja alimwandikia rafiki yake mnamo mwaka 100. Ni mahali pa ajabu. Na si pa English Heritage: wana mfuko wao na kiingilio chao. Mgeni anafika na pasi mkononi, anaambiwa alipe. Panga fedha hiyo mapema, na uende, maana kwa maoni yangu hakuna lango linalostahili pauni zako kuliko hilo ukanda ule wote.

Usafiri? Kuna basi la msimu linalopita kambi hizo, nambari yake AD122, na aliyelipa jina hilo Mungu ampe maisha marefu. Lakini halipiti kila dakika kumi. Bila gari, kambi mbili kwa siku ni safari nzuri. Ukitaka nne utakuwa unatazama saa kuliko mawe.

2. Stonehenge peke yake haiibebi

Wengi wanaoiulizia pasi wanaiulizia kwa sababu ya Stonehenge. Ndiyo yenye kiingilio kikubwa, na ndiyo picha wanayotaka kurudi nayo Moshi au Mombasa.

Nasema hivi: kama Stonehenge ndiyo peke yake unayoitaka, kata tiketi yake, weka nafasi ya saa yako mapema, acha pasi. Treni inakufikisha Salisbury, kisha kuna basi la watalii hadi kituo cha wageni, na kutoka hapo basi dogo linakupeleka kwenye mawe yenyewe, umbali wa zaidi ya kilomita mbili. Huruhusiwi kuingia katikati ya mawe saa za kawaida. Unazunguka kwa nje. Anayetaka kuyaona tu zipo njia za umma zinazopita jirani, na macho hayakatiwi tiketi. Lakini kituo cha wageni kina vifaa na mifupa ya watu wa kale na vibanda vilivyojengwa upya kwa mfano wao, na kwa hayo mimi hulipa bila kinyongo.

Mawe makubwa yalisimamishwa yapata mwaka 2500 KK. Yale madogo yaliletwa kutoka Wales. Jiwe linaloitwa la altare, lenye uzito wa tani sita hivi, wanasayansi walionyesha mwaka 2024 kwamba asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Uskoti, zaidi ya kilomita 700 kutoka lilipo. Jiwe limevuka mpaka bila kununua pasi yoyote, ila watu waliolivuta walilipa kwa migongo yao, na hakuna aliyeandika majina yao.

Mwenye pasi basi ashuke Old Sarum, njiani kati ya Salisbury na mawe. Ni kilima cha ngome, na Salisbury ya kwanza ilikuwa pale juu kabla watu hawajahamia bondeni. Utalii wa makundi haushuki hapo sana. Utapata upepo, magofu ya kanisa kuu la zamani, na nafasi ya kukaa.

Hapo ndipo nilipoanza kumwona shemeji ana hoja, ingawa yeye alikuwa anaitetea kwa sababu nyingine.

1. Ihesabu kwa Portchester

Kila mtu anaipima pasi kwa malango makubwa: Stonehenge hii, Dover hii, gawanya, jumlisha. Lakini malango makubwa utalipa tu, uwe na pasi usiwe nayo. Faida ya kweli iko kwenye lango dogo ambalo usingelilipia hata siku moja.

Portchester iko pwani ya kusini, jirani na Portsmouth, na kituo chake cha treni kiko mwendo wa kutembea kwa miguu. Kwa nje ni kuta za Warumi za karne ya 3, zimezunguka uwanja mpana wenye nyasi ambao unaingia bure. Kona moja kuna ngome ya enzi za kati. Hiyo ndiyo inayolipiwa, na mpita njia akishaona uwanja wa bure hushiba, akageuka.

Usigeuke. Oktoba 1796 zaidi ya wafungwa wa vita 2,000 walifikishwa Portsmouth kutoka Karibi, wengi wao weusi na machotara, wengi wakiwa wametekwa St Lucia. Walikuwa askari wa Jamhuri ya Ufaransa, iliyokuwa imefuta utumwa 1794. Maana yake ni kwamba watu wale, wengi wao watumwa wa jana, walikuwa wamebeba silaha kulinda uhuru wao wenyewe dhidi ya jeshi la Uingereza. Walishindwa, wakapakiwa melini pamoja na wanawake na watoto, wakateremshwa kwenye baridi ya vuli wakiwa na nguo za joto la visiwani. Wakafungwa Portchester. Habari zao zimeelezwa ndani ya mnara mkuu wa ngome, na ndani ya mnara huohuo wafungwa wa Kifaransa waliokuja baadaye, mnamo 1810, walijitengenezea jumba la maigizo.

Hakuna basi la watalii kutoka London linalosimama hapo, na mgeni anayekuja mara moja kwa miaka kumi haiweki kwenye orodha. Mwenye kukata tiketi mojamoja ataitazama bei, atatazama saa, ataamua kwenda kula chipsi. Mwenye pasi anaingia kwa sababu kuingia hakumgharimu kitu. Na mtu wa pwani yetu, anayejua Fort Jesus ilivyopokezana mabwana na jinsi ilivyogeuzwa gereza wakati wa Waingereza, anaelewa upesi kuliko Mwingereza wa kawaida maana ya ngome iliyofungia watu waliotoka mbali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye siku tano, zote London, asinunue. Anayepanda treni kwenda na kurudi kila siku, akizilenga Stonehenge na Dover basi, akate tiketi mbili. Mzee mwenye punguzo na magoti mabovu apelekwe sehemu tatu alizozichagua mwenyewe. Lakini mwenye gari, mwenye siku 9 kati ya Aprili na Oktoba, anayelala njiani badala ya kurudi London, anunue, na njia iwe moja bila kurukaruka.

Kwa shemeji nimeichora hivi. Anza Dover asubuhi na ulale huko huko, maana mnara wa Mfalme Henry II na mahandaki ambamo mwaka 1940 ulisimamiwa uokoaji wa askari zaidi ya 338,000 kutoka Dunkirk vinakula siku nzima. Kesho yake Walmer, jirani tu. Kisha Battle, kwenye uwanja wa vita vya 1066, na Pevensey alikotua William kabla ya vita hivyo. Kutoka hapo nenda Portchester; Isle of Wight iache, feri itakula akiba yako. Baada ya Portchester panda Old Sarum na Stonehenge, halafu siku zilizobaki shuka magharibi hadi Tintagel, ambako tangu 2019 kuna daraja la miguu juu ya korongo la bahari, na utaisamehe Cornwall kwa umbali wake.

Amekubali njia yote, isipokuwa Portchester: anataka iwe ya nusu saa, ya kunyoosha miguu na kununua maji. Hapana, shemeji. Ipe mchana wote, na uyasome maandishi ya ukutani hadi ya mwisho. Punguza siku kwenye Pevensey ukitaka.